Mwezi Unazunguka, Kazi Ina Msimu Wake

Ndugu msikilizaji, kuna kauli ambayo husikika sana mjini Arusha kila mwezi wa Ramadhani unapoandama. Ukimwuliza kijana anayetafuta kazi amefikia wapi, hukujibu, "Tusubiri Idi ipite kwanza." Ukienda kwa mwajiri, naye hukwambia vivyo hivyo, "Njoo baada ya Idi." Kauli hiyo imezoeleka kiasi kwamba hakuna anayeihoji. Mwezi mzima unakatika, mwenye nyumba anadai kodi yake, na mtu bado amekaa barazani akingoja mwezi mwingine uandame.

Wiki hii napenda tuihoji kauli hiyo kwa kutumia historia ya mji wetu wenyewe. Je, ni kweli kwamba Ramadhani hufunga milango ya kazi? Tukiitazama Arusha tangu Wajerumani walipojenga boma lao mpaka leo, tutaona kwamba milango ya kazi katika mji huu haijawahi kufuata mwandamo wa mwezi. Imefuata mavuno ya mashamba yanayouzunguka Mlima Meru, imefuata mikataba ya serikali, na imefuata safari za watalii. Kwa hiyo mtu anayefunga na huku anatafuta kazi anapaswa kuzijua kalenda mbili kwa pamoja, ile ya mwezi na ile ya kazi. Anayejua moja tu hupishana na riziki yake njiani.

Tuanze na kalenda ya mwezi. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kuliko mwaka wa kawaida kwa siku zipatazo 11. Ndiyo maana Ramadhani hurudi nyuma kila mwaka, na huchukua kama miaka 33 kuzunguka majira yote na kurejea pale ilipoanzia. Kijana wa Ngarenaro aliyefunga Desemba 1967 akiwa na umri wa miaka 15 alifunga Desemba kwa mara nyingine mwaka 1999, akiwa mtu mzima wa miaka 47. Katikati ya hapo alikuwa amefunga wakati wa vuli, wakati wa baridi, wakati wa masika na wakati wa jua kali.

Sisi wa Arusha tuko karibu na Ikweta, hivyo urefu wa saumu haubadiliki sana. Mtu huanza alfajiri na hufuturu kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja jioni, awe katika Juni au katika Desemba. Ndugu zetu walioko London wanajua taabu ya Juni, ambapo saumu hupita saa 17. Kinachobadilika kwetu ni hali ya hewa na kazi zilizopo. Saumu ya Julai, ukungu wa Meru ukiwa haujaondoka mpaka saa nne asubuhi, si sawa na saumu ya Februari juani, mtu anapotembea kwa miguu kutoka Unga Limited mpaka Njiro akiwa na bahasha mkononi.

Sasa tuje kwenye kalenda ya kazi. Katika miaka ya mwanzo ya mji huu, watu hawakuitafuta kazi. Kazi ndiyo iliyowatafuta watu. Boma la Wajerumani, ambalo leo ni makumbusho, lilijengwa kati ya mwaka 1899 na 1900, na wenyeji wa mlimani waliswagwa kuja kulijenga. Kodi ya nyumba, iliyoanza mwaka 1898 katika koloni lote, ilimlazimu mwanamume kutafuta fedha, na fedha ilikuwa kwa mlowezi au kwa serikali. Kuizunguka ngome hiyo kulikua kitongoji cha askari, wapagazi, mafundi na wafanyabiashara waliozungumza Kiswahili, na wengi wao walikuwa Waislamu. Ramadhani ya kwanza ya mji wa Arusha ilifungwa na watu wa namna hiyo, watu ambao kazi zao zilikuwa za amri.

Mnamo mwaka 1905 Makaburu kutoka Afrika Kusini walikuwa wameanza kupewa ardhi kandokando ya Meru, kisha wakaja Wajerumani, Wagiriki na baada ya mwaka 1916 Waingereza. Mashamba yao yaliuzunguka mlima kama mshipi. Walilima kahawa, mkonge na mazao mengine, na walihitaji mikono. Lakini Wameru na Waarusha walikuwa na migomba yao na mifugo yao, na baadaye wakapanda kahawa yao wenyewe, hivyo wengi hawakuwa tayari kuwa vibarua wa mtu mwingine kwa mshahara mdogo. Walowezi walilalamika sana juu ya jambo hilo. Vibarua wakalazimika kutoka mbali, kama vile Singida na Kondoa. Njia kuu ya kutoka Kondoa kupitia Babati ililetea Arusha watu wengi, na reli ilipofika kutoka Moshi mwaka 1929, safari ya kuja kutafuta kazi ikawa nyepesi zaidi.

Hapa ndipo saumu ilipopanda mlimani. Warangi wa Kondoa, kwa sehemu kubwa, ni Waislamu. Walipoingia katika mashamba ya walowezi waliingia na mwezi wao. Tukumbuke kwamba miteremko ya Meru ilikuwa eneo la misheni ya Kilutheri ya Leipzig, na mpaka leo wenyeji wengi ni Wakristo. Kwa hiyo kibarua aliyefunga alikuwa mgeni mara mbili, mgeni wa kabila na mgeni wa dini. Alifungaje huku akifanya kazi ya jembe?

Jibu liko katika utaratibu wa kazi wa wakati ule. Tanganyika ilikuwa na kitu kilichoitwa kipande. Tusikichanganye na kipande cha Kenya, ambacho kilikuwa kitambulisho kilichowatambulisha Waafrika mbele ya polisi. Kipande cha mashamba ya Tanganyika kilikuwa kadi yenye nafasi 30. Kila siku ambayo mtu alimaliza kazi aliyopangiwa, nafasi moja iliwekewa alama. Zikitimia 30 ndipo alipolipwa mshahara wake. Siku hizo 30 hazikulazimika kufuatana. Mtu aliweza kufanya kazi leo, akapumzika kesho, akaendelea keshokutwa, ilimradi akitimize kipande katika muda uliowekwa.

Halafu kazi yenyewe mara nyingi ilitolewa kwa kipimo. Mnyapara alikupimia ngwe yako ya kulima au ya kupalilia. Ukiimaliza, siku yako imekwisha. Katika kuchuma kahawa, hesabu ilikuwa ya debe. Aliyeamka na daku tumboni akaingia shambani kabla jua halijachomoza aliweza kuimaliza ngwe yake kabla ya adhuhuri, akapumzika kivulini mpaka magharibi. Sisemi kwamba utaratibu ule ulikuwa mwema. Ulikuwa wa kinyonyaji, mshahara ulikuwa duni, na alama ya kipande ingeweza kunyimwa kwa kisingizio chochote. Lakini una somo ambalo halijachakaa. Kinachomsumbua mtu anayefunga si uzito wa kazi peke yake. Ni nani anayeshika saa ya kuanza na saa ya kumaliza.

Tazama pia jinsi kalenda zile mbili zilivyokutana. Kahawa ya Meru huvunwa takriban kuanzia Julai hadi Desemba. Ukipiga hesabu, utakuta kwamba kuanzia mwaka 1935 mpaka 1947 Ramadhani ilikuwa ikiangukia ndani ya miezi hiyo. Ikatoka, ikarudi tena kati ya mwaka 1968 na 1980, na tena kati ya 2000 na mwanzoni mwa miaka ya 2010. Kwa hiyo kulikuwa na vizazi vizima vya wachumaji ambao mwezi wa kufunga na mwezi wa kupata fedha ulikuwa mwezi mmoja. Kama wangesema wangoje Idi ipite, buni zingeiva, zikakauka na kuanguka chini, na kazi ingekuwa imepita pamoja na Idi.

Kazi za ofisini zilikuwa na hadithi nyingine. Wakati wa Wajerumani, shule ya serikali ya Tanga, iliyoanza katika miaka ya mwanzo ya 1890, iliwafundisha vijana wengi wa Kiislamu wa pwani, na makarani na maakida wengi walitoka huko. Waingereza walipoanza kutoa ruzuku kwa shule za misheni katika miaka ya 1920, mizani iliinama upande wa pili. Mlimani hapa, shule zilikuwa nyingi kuliko mjini miongoni mwa Waislamu. Matokeo yake ni kwamba vijana wengi wa Kiislamu wa mjini walijikuta katika udereva, ufundi, ushoni, upishi na biashara ndogondogo. Serikali huru ilizitaifisha shule mwaka 1969 ili watoto wa dini zote wakae dawati moja. Nayataja haya kwa sababu mtu hawezi kuzungumzia utafutaji wa kazi bila kukumbuka kwamba hatukuanzia mstari mmoja.

Sasa tufike mwaka 1967, ambao nadhani ndio mwaka uliobadilisha sura ya kazi katika Arusha kuliko mwaka mwingine wowote. Sensa ya mwaka huo ilikuta mji una watu wapatao 32,000 tu. Februari 5, Azimio la Arusha lilitangazwa, na mashamba makubwa, mabenki na viwanda vikaanza kuingia mikononi mwa umma. Mwaka huohuo tanzanaiti iligunduliwa Mirerani. Juni 6, Marais Nyerere, Kenyatta na Obote walitia saini mjini Kampala mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Desemba 1 Jumuiya hiyo ilianza kazi, makao yake makuu yakiwa Arusha.

Ghafla mji ulihitaji makarani, wapiga chapa, wahasibu, madereva, matarishi, wapishi na walinzi. Na Ramadhani ya mwaka huo iliandama lini? Iliandama siku mbili tatu tu baada ya Desemba 1. Jumuiya haikungoja Idi ndipo ifungue ofisi zake. Mwenye barua yake ya maombi aliyejifungia ndani mwezi ule aliwaachia wengine nafasi.

Miaka kumi baadaye mambo yaligeuka. Februari 1977 Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya. Watalii waliokuwa wakiingia Serengeti kwa kupitia Nairobi wakakatika. Mwishoni mwa Juni mwaka huo Jumuiya ikavunjika kwa kukosa bajeti. Jengo kubwa lenye pande tatu, Kilimanjaro, Ngorongoro na Serengeti, lililojengwa kwa ajili ya makao ya Jumuiya, likabaki bila mwenyewe, na mwaka 1978 likawa kituo cha mikutano ya kimataifa ambacho wote tunakijua kwa jina la AICC. Ramadhani ya mwaka ule ilianza katikati ya Agosti. Watu waliokuwa na mishahara ya uhakika Ramadhani iliyotangulia walifuturu wakiwa hawajui kesho yao. Je, tuseme mwezi ndio uliofunga milango hiyo? Hapana. Iliyofunga ni siasa.

Mwaka 1983 kutafuta kazi mjini kulikuwa na hatari zake. Sheria ya Nguvukazi ilipitishwa, na mtu aliyekutwa hana kazi inayotambulika aliweza kurudishwa kijijini. Katika siku hizo, barua ya mwajiri mfukoni ilikuwa na thamani sawa na fedha. Kisha zikaja sera za Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa kuanzia mwaka 1986, na katika miaka ya 1990 neno lililosikika kila nyumba lilikuwa "kupunguzwa". Mashirika ya umma yaliuzwa au yalifungwa. Mtu aliyefanya kazi miaka 20 alipewa kiinua mgongo chake na kuambiwa ajitegemee.

Katikati ya dhiki hiyo Arusha ilipata bahati isiyotarajiwa, japokuwa ilitokana na msiba wa jirani. Novemba 8, 1994, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliunda mahakama ya kuwahukumu waliohusika na mauaji ya kimbari ya Rwanda. Februari 22, 1995, Baraza hilo likaamua kwamba makao ya mahakama hiyo yawe Arusha. Fungua kalenda, ndugu msikilizaji. Ramadhani ya mwaka huo ilianza Februari mosi au karibu na hapo. Uamuzi uliokuja kuleta wakalimani, madereva, walinzi, wapangaji wa nyumba na wateja wa hoteli katika mji huu ulifanywa ndani ya kumi la mwisho la mfungo. Mahakama hiyo ilidumu mpaka Desemba 31, 2015, na watu wa hapa waliojifunza Kifaransa mapema walipata faida ya kujifunza kwao.

Halafu historia ikajirudia. Novemba 30, 1999, Marais Mkapa, Moi na Museveni walitia saini hapa Arusha mkataba wa Jumuiya mpya ya Afrika Mashariki. Siku tisa au kumi baadaye mwezi wa Ramadhani uliandama. Mwezi ulikuwa umezunguka ukarudi pale ulipokuwa mwaka 1967, na Jumuiya nayo ilikuwa imerudi. Hakuna muujiza hapo, ni hesabu ya kalenda tu. Lakini kwa mtafuta kazi ni funzo kubwa. Mara mbili mlango mkubwa ulifunguliwa mjini kwetu, na mara zote mbili watu walikuwa mlangoni mwa Ramadhani.

Mfano wa karibu zaidi ni wa mwaka 2020. Ugonjwa wa korona ulipoenea duniani, ndege za kimataifa zilisimamishwa nchini mwetu Aprili. Waongoza watalii, wapishi wa kambi na wapagazi wa milimani wakakaa nyumbani. Ramadhani ilianza wiki ya mwisho ya mwezi huo. Mei 18 anga ikafunguliwa tena, zikiwa zimebaki siku chache tu kufikia Idi. Watalii hawakumiminika siku hiyo, ni kweli. Lakini habari za kazi zilianza upya ndani ya mfungo, si baada yake.

Ndugu msikilizaji, kutokana na historia hiyo, mtu anayetafuta kazi wakati wa Ramadhani ajifunze nini?

La kwanza, aache kuisubiri Idi. Tarehe ya mwisho ya kupokea maombi haijui saumu. Nafasi za serikali siku hizi hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na maombi hupokelewa kwa intaneti mpaka siku iliyotajwa. Baada ya hapo mlango hufungwa wenyewe na hakuna mzee wa kumbembeleza. Tena wote waliongoja Idi ipite hutoka siku moja na kujipanga foleni moja. Aliyepeleka barua yake katikati ya mfungo huwa ameshasomwa.

La pili, atumie asubuhi kama mchumaji wa kahawa alivyoitumia. Aliyekula daku na kuswali alfajiri yuko macho kabla ya mji kuamka. Saa mbili hadi saa tano asubuhi ndiyo saa yake ya kutembelea ofisi, kupiga simu na kufanya usaili. Akiitwa kwenye usaili wa saa kumi alasiri, si dhambi kuomba kwa adabu usogezwe asubuhi. Akikataliwa, basi aende hiyohiyo saa kumi, lakini asipoteze nguvu zake kwa kuzurura mjini tangu saa tatu. Apumzike, anyooshe nguo zake, apitie vyeti vyake.

La tatu, atumie jioni. Hakuna mwezi ambao watu hukutana kama Ramadhani. Mtu hufuturu kwa jirani, huswali tarawehe msikitini, hukaa barazani Kaloleni au Ngarenaro mpaka usiku. Katika mji huu habari za kazi, tangu enzi za vibarua wa Kondoa, zimekuwa zikisafiri kwa mdomo kabla ya kusafiri kwa gazeti. Kibarua aliyetangulia ndiye aliyemwita ndugu yake. Mtu akifuturu na fundi mkuu wa gereji, au na mama anayepika katika kambi ya watalii, ana haki ya kusema wazi, "Mzee wangu, natafuta kazi, na kazi ninayoiweza ni hii." Wengi hukaa mwezi mzima wakizungumzia mpira, na hakuna hata mmoja anayejua kwamba mwenzao ana cheti cha umeme mfukoni.

La nne, ajue msimu wa kazi anayoitaka. Msimu mkubwa wa utalii huanza Juni, hivyo kampuni hujipanga kabla ya hapo, masika yanapoelekea ukingoni. Mashamba ya maua ya Usa River na Tengeru huwa na shughuli nyingi kabla ya Februari 14, siku ambayo Wazungu hupeana waridi. Kahawa ni Julai na kuendelea. Sasa tazama mwezi unakoelekea. Mwaka 2025 Ramadhani iliangukia Machi. Kuanzia 2027 mpaka 2030 itakuwa ikiingia Februari na Januari, na mwaka 2030 itaandama mara mbili, mwanzoni mwa Januari na tena mwishoni mwa Desemba, kama ilivyokuwa mwaka 1997 na kabla ya hapo mwaka 1965. Maana yake ni kwamba mfungo utakutana na mavuno ya maua, na utakutana na jua kali la Januari, na utakutana na ada za shule. Mwenye akili anajipanga tangu sasa.

La tano, asidharau kazi za muda. Ramadhani yenyewe huzaa kazi. Mafundi cherehani hulemewa na nguo za Idi. Wauza tende, mihogo, magimbi na matunda huhitaji wasaidizi. Mama lishe ambaye biashara yake ya mchana imepungua huhamia kwenye futari za jioni. Wafanyabiashara wa nguo huongeza vijana wa kuuza. Kibarua cha wiki tatu kinalipa kodi ya chumba, na tena kinampa mtu wa kumsemea baadaye.

La sita ni haki yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi wa dini kazini, na inamlinda hata yule anayeomba kazi, si aliyekwisha kuajiriwa peke yake. Mwajiri hawezi kukunyima nafasi kwa sababu unafunga. Lakini sheria hiyohiyo imeweka saa 45 za kazi kwa wiki, na haina kifungu cha kumpunguzia saa anayefunga. Hapo tunatofautiana na Oman, ambako wako ndugu zetu wengi. Kule sheria ya kazi humwekea Mwislamu kikomo cha saa 6 kwa siku wakati wa Ramadhani. Kwetu jambo hilo limeachwa kwenye makubaliano ya mwajiri na mfanyakazi. Kwa hiyo zungumza mapema. Mwambie mwajiri, "Mimi ninafunga. Naomba niingie saa moja asubuhi badala ya saa mbili, na mapumziko ya mchana niyafidie jioni." Mwajiri mwenye busara ataona kwamba hapotezi kitu. Asiyetaka kukusikiliza amekupa habari muhimu juu ya kazi hiyo kabla hujaianza.

Na hapa sina budi kusema neno kwa upande wa pili. Wapo miongoni mwetu wanaoifanya saumu kuwa kisingizio. Anachelewa kazini kwa sababu ya saumu, anawajibu wateja vibaya kwa sababu ya saumu, analala ghalani kwa sababu ya saumu. Mtu wa namna hiyo hajiharibii mwenyewe tu. Anamharibia na mwenzake atakayekuja mwakani kuomba kazi, kwa maana mwajiri atakuwa na kumbukumbu yake. Vibarua wa Kondoa walilima ngwe zao juani wakiwa wamefunga, na mnyapara hakuwa na la kusema.

Waajiri nao, hasa wenye kampuni za utalii, viwanda na hoteli, wajiulize swali jepesi. Usaili ukifanyika saa tatu asubuhi badala ya saa kumi alasiri, wanapoteza nini? Watampata mwombaji akiwa na akili timamu na sauti yake kamili, awe anafunga au hafungi. Na Kwaresima inapofika, wamfikirie Mkristo kwa kipimo hichohicho. Mlima huu unakaliwa na wote.

Arusha ya watu 32,000 ya mwaka 1967 ilikuwa na watu 416,442 katika sensa ya mwaka 2012, na 617,631 katika ile ya mwaka 2022. Wanaotafuta kazi wameongezeka hivyohivyo. Katika mji wa namna hiyo, mwezi mmoja wa kukaa bure ni hasara kubwa, na kwa baba au mama mwenye watoto ni hasara ya chakula na ada. Mwezi wa Ramadhani una thawabu zake kwa wanaouamini, na hayo si ya kuzungumzwa na mtangazaji. Ninaloweza kusema kwa ushahidi wa historia ya mji huu ni kwamba kazi haijawahi kuungoja mwezi umalizike. Ilikuja Desemba 1967 watu wakiwa wanajiandaa kufunga, ilikuja Februari 1995 wakiwa katika kumi la mwisho, na itakuja tena siku ambayo hatuijui. Itakapokuja, na ikukute barua yako imeshafika.